Bahari Siyo Yangu, Jamani

Ukikaa Dar, ndugu zako wa bara wanaamini funguo za bahari unazo wewe. Hawajali kwamba mimi nakaa Tabata, ambako maji mengi ninayoyaona ni ya masika, na hayo huingia sebuleni bila hodi. Wakishasikia "baba mdogo yuko Dar", basi wanajua naamka asubuhi, nafungua dirisha, mawimbi haya hapa.

Zamani kulikuwa na nafuu. Kutoka Dodoma ilikuwa siku nzima ndani ya basi, mtu anajifikiria. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma, Julai 2024, hakuna anayejifikiria tena. Mtu anakupigia ameshavuka Morogoro: "Baba mdogo, tunakuja kuogelea, Jumapili tunageuza." Atakula nini mpaka hiyo Jumapili, hasemi.

Sasa kwa kuwa mtakuja tu, nitake nisitake, sikilizeni. Dar ina Mbezi mbili. Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo. Mbezi nyingine, ile yenye stendi kuu ya mabasi ya mikoani, iko barabara ya Morogoro, na bahari yake ni vumbi. Shemeji yangu alikuja kwa basi, akashuka hapo na kaptula, taulo shingoni, akanipigia: "Ufukwe ni upande huu wa mabasi au kule kwenye chipsi?" Nikamwambia nenda kwenye chipsi, agiza, nakuja.

Halafu kuna hili la maji, ambalo limenivunjia heshima kuliko deni la dukani. Bahari inajaa na kupwa. Inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo ukiambiwa "sisi wiki iliyopita tuliogelea saa tatu asubuhi" hiyo haikusaidii kitu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndiyo bamvua: maji yanapanda sana, na yakitoka yanatoka kwelikweli. Nilipeleka kundi zima Kunduchi siku ya bamvua, mchana, maji yametoka. Watoto wameshavua mashati. Mbele yetu mchanga, tope, mwani, ngalawa zimelala ubavu, kina mama wanachokoa chaza, na bahari iko kuleee kama mtu anayekwepa mdai. Mtoto wa kaka yangu akanitazama usoni: "Baba mdogo, mmeipeleka wapi?" Mmeipeleka! Yaani mimi na wenzangu. Nikaanza kueleza habari za mwezi, kaka mtu akacheka, akasema mjini kuna maneno. Tulikaa pale juani mpaka maji yaliporudi, na yaliporudi hakuna aliyeniomba radhi. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani muulize mvuvi, au tazama jedwali la maji kwenye simu yako hiyo unayoangalizia mpira.

Wengine wanataka Kigamboni. Sawa, Kigamboni kuna fukwe nzuri, Mji Mwema huko na kuendelea. Lakini kuna pantoni, kile kivuko cha kukupeleka ng'ambo. Nauli shilingi 200, haina ugomvi sasa, ingawa ilipopanda kutoka 100 mwaka 2012 watu walilalamika mpaka marehemu Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, akawaambia wasioweza wapige mbizi. Mimi nikiwatazama ndugu zangu walivyojipanga pale Magogoni na mabegi, najua hakuna hata mmoja wa kupiga mbizi, natoa 200 za watu wote kimyakimya. Geti likifunguliwa, shika mtoto mkono, mfuko wa simu uweke mbele, usikimbie. Pantoni haliondoki na wewe ukiwa nusu. Mwenye gari apite Daraja la Nyerere, Kurasini, alipie, aachane na sisi.

Coco Beach sina ugomvi nayo sana, kwa sababu ya mihogo. Mihogo ya Coco ikitoka kwenye mafuta, imepasuka katikati, ukaimwagia chachandu, ndipo hata mimi husahau nani amelipa nauli. Tatizo ni sikukuu. Iddi na Krismasi Dar nzima ina wazo moja. Watoto wanapotea, watu wazima wanaingia majini na suruali za jinzi, zikilowa zinawavuta chini, na pale kuna miamba na mawimbi hayana urafiki. Mtu hajawahi kuogelea hata kwenye bwawa la ng'ombe, anakodi tyubu ya gari anaelekea Zanzibar. Kaa maji ya magotini, ndugu yangu, picha inatoka vilevile. Na ukipigwa picha na wale vijana wenye kamera, uliza bei ni ya picha moja au ya zote. Shemeji hakuuliza. Alikuwa amekaa mikao yote aijuayo, mmoja amelala mchangani ameshika shavu, na kila mkao una bei yake.

Bei! Samaki wa ufukweni usimwagize kwa jina, mwagize kwa bei. "Tuletee changu" ni sentensi ya watu wenye mshahara. Mwambie mhudumu akuletee samaki mbichi umwone, mkubaliane shilingi ngapi, chipsi ndani au nje, ndipo aende kukaanga. Usipofanya hivyo utakaa lisaa na nusu, atakuja changu mdogo na bili ya papa. Mimi ndugu zangu nawapeleka soko la Feri asubuhi, tunanunua pale pale, tunawapa wakaangaji wa sokoni, tunakula tumesimama. Wananiita bahili. Wameshiba lakini.

Visiwani sitaongea sana, maana huko hunipati. Boti za Mbudya zinatokea Kunduchi, za Bongoyo zinatokea Msasani, na vyote viwili ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio na matumbawe hayaokotwi. Vaa jaketi la kuokolea hata kama linanuka. Upepo wa kusi ukiwa mkali, Juni na Julai, boti inapanda na kushuka, na ubwabwa ulioula asubuhi unafuata njia hiyo hiyo.

Na mkiondoka, ondokeni na mchanga wenu. Mama watoto bado anaufagia kwenye makochi.

Mchanga afadhali. Shangazi yeye hakuogelea kabisa, alikaa chini ya mwembe amefunga kanga mbili, akanipa dumu la lita 5 nimjazie maji ya bahari apeleke Dodoma, ni dawa ya miguu. Nikajaza pale ukingoni. Akaliinua juani, akaona mchanga, akanirudisha: anataka ya kina. Nikakunja suruali, nikaingia, wimbi likanifika kifuani, nikarudi na dumu jingine.

"Yaonje," akasema, "usije ukawa umenijazia ya bomba."

Nikayaonja, mbele za watu. Nikamwambia shangazi, haya yana chumvi, lakini kwa taarifa yako hata kisima chetu Tabata kina chumvi.

"Kweli? Basi na hayo nijazie dumu."