Tulimfundisha farasi kutulia, akaelewa kupitiliza

Watu wakisikia mi ni saisi wanadhani kazi yangu ni kuzunguka juu ya farasi na kupigwa upepo, kumbe nusu ya maisha ni kuzoa mavi na nusu iliyobaki ni kumbembeleza mnyama wa karibu kilo mia tano akubali kimashine cha kunyolea ambacho hata mfukoni kinaingia.

Huyu wetu ni mzee, kahasiwa zamani, ana ule ugonjwa wa Cushing, kuna kitezi chini ya ubongo kinavuruga homoni, sasa manyoya hayapukutiki hata joto liwe kali vipi. Wenzake msimu ukibadilika nao wanabadilika, yeye anazidi kufuga tu, akikimbia kidogo jasho linabaki humo ndani halikauki. Kwa hiyo kunyolewa ni lazima, hakuna mjadala. Shida ni kwamba yeye mjadala anao. Washa tu ile zzzzz, masikio yanalala nyuma, pua zinatanuka, unashtukia uko nje ya mlango na hukumbuki umepitaje.

Kuna wanaombana farasi mdomo wa juu kwa kamba, kuna wanaomwita daktari amchome sindano asinzie. Mzee ninayefanya naye kazi akakataa vyote viwili. "Mwanangu, huyu tutamwelewesha."

Basi tukaanza kumwelewesha. Mashine inawashwa mbali kabisa yeye anakula karoti, kesho yake inasogea, keshokutwa inasogea tena, halafu imezimwa napapasa nayo begani, halafu naweka kiganja changu begani kwake na mashine inanguruma juu ya kiganja ili mtetemo umfikie kupitia mkono anaoujua. Tumbo na masikio baadaye sana, maana ngozi inayohisi hata inzi akitua siyo ya kuanzia papara. Na Mzee alikuwa mkali kwenye kitu kimoja, mashine inazimwa farasi akiwa ametulia, ukizima akiwa anaruka umeshamfundisha kwamba kuruka kunalipa. Kila zzzzz, karoti. Zzzzz, karoti. Ikafika mahali akisikia tu anainamisha kichwa, macho nusu, analamba midomo, nikaanza kumwonea wivu.

Siku yenyewe ikafika. Jana yake tulimwosha akakauka vizuri, maana vumbi linaua meno ya mashine. Nanyoa kinyume na manyoya yanavyolala, mafuta kila baada ya dakika chache, nagusisha meno kwenye mkono wangu kusikia kama yamepata moto, kwa sababu akiungua mara moja tu kazi yote ya kumwelewesha imekwenda na maji. Manyoya yananiingia puani, shingoni, na sehemu zingine ambazo siwezi kuzitaja hapa. Nikataka kumsafisha na sharubu, Mzee akanipiga kibao cha mkono, anaonea nazo hizo vitu vilivyo chini ya pua, na tangu 2021 FEI, lile shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, halimruhusu farasi aliyenyolewa sharubu kushindana. Huyu wetu anashindana kula tu, lakini haya.

Upande mmoja ukaisha, jamani anang'aa. Nikahamia wa pili, nikagusa bega, betri ikafa.

Tukaiweka chaji. Na ndo mwenye farasi akaingia. Kwa bahati kaja na upande mzuri, anasifia, "Mmemtengeneza kweli," halafu akazunguka. Kimya. Upande ule alikuwa godoro lililotoboka.

"Huyu ni yuleyule?"

Mzee hakujibu swali, akasema tu, "Shikamoo mama, samahani, weka simu sailensi tusije tukamshtua."

Mama wa watu mtiifu, akaweka, akaitumbukiza kwenye pochi iliyoning'inia begani. Sasa kwenye simu ile, sailensi maana yake vaibreti.

Mi ndo nimeshika kamba. Ikaita. Zzzzz. Farasi akasimamisha masikio, akanitazama mimi, karoti hakuna. Akaitazama pochi. Kabla sijavuta kamba kichwa kimezama humo mpaka machoni, mama kapiga ukelele kaachia mkanda, mkanda umenasa nyuma ya masikio, na sasa pochi imevaliwa. Nikasema basi, leo nakufa, mnyama aliyekuwa anakimbia mlio wa mashine iliyo nje sasa anao usoni.

Wee. Akainamisha kichwa taratibu, akalamba sijui nini huko ndani, akasimama anasubiri karoti yake. Simu ilipokata ndo akaanza kuhangaika.

"Funguo za gari zimo humo!" mama analia. Mzee akapenyeza karoti moja pembeni ya pochi, akaangalia chaja, taa imeshakuwa ya kijani, akanitazama mimi, akatoa simu yake.

"Mama, namba yako ni ile ile?"

Tumemaliza ubavu wote hivyo, tumbo ambalo nilikuwa naliogopa kuliko yote, hadi paja, Mzee anapiga, mi nanyoa, mama mwenyewe anapenyeza karoti huku anauliza kama tishu zina madhara kwa farasi. Ikikata, Mzee anapiga tena. Sijawahi kunyoa farasi ametulia vile.

Tatizo lililobaki ni la mumewe, ndiye aliyekuwa amepiga ile mara ya kwanza, akajaribu mchana kutwa kila akipiga namba inatumika. Jioni akauliza ulikuwa unaongea na nani muda wote ule. Mama akamjibu kweli tupu, hakuwa anaongea na mtu, simu ilikuwa kwenye uso wa farasi. Juzi baba kaja zizini mwenyewe, hajasalimia, anataka kumwona huyo farasi.