Kizuizi cha katikati ya barabara kikae wapi?

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi mkoani Mwanza, magari yaendayo Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko, na hoja ya barabara ya njia nne kutoka Mwanza hadi Usagara, inakoanzia barabara ya kwenda darajani, imezidi kuwa na uzito. Wengi wanaoitetea hutaja vizuizi vya katikati, lakini ni wachache wanaouliza vikae wapi hasa: katikati kabisa ya eneo linalotenganisha pande mbili, au kando ya bega (ukingo wa barabara) la upande mmoja.

Wanaotaka katikati wana hoja nzito. Usiku, roli la dagaa likiharibika na dereva wake akatandika matawi nyuma yake, anayeyaona kwa kuchelewa hukata usukani kulia, na nafasi ya nyasi ndiyo humwezesha kulirudisha gari barabarani. Kizuizi kilicho karibu na lami humnyima nafasi hiyo, tena hugongwa mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, hoja hiyo huchukulia ardhi kuwa tambarare. Eneo pana la kati kwa kawaida huwa na mtaro, na mvua za kanda hii hulowesha udongo hadi nguzo za kizuizi zikalegea. La hatari zaidi ni mwenendo wa gari lenyewe: likiteremka hadi chini ya mtaro, springi hubanwa na pua huinama, hivyo, kizuizi kikiwa cha nyaya za chuma, bampa hukutana nazo chini ya usawa uliokusudiwa, na gari dogo linaweza kupenya hadi upande wa pili. Ndiyo maana miongozo ya Marekani hushauri nyaya zisiwekwe kati ya takriban mita 0.3 na 2.4 kutoka kitovu cha mtaro, yaani mstari wake wa chini kabisa. Kwenye kitovu chenyewe zinaruhusiwa, lakini hapo ndipo maji hutuama.

Kwangu, kona ndizo zinazoamua. Sisi huendesha kushoto. Kona ikikunja kushoto, gari lililozidi mwendo hutupwa kulia, kwenye eneo la kati. Kizuizi kilicho kando ya bega la upande huo hulinasa mapema, kwa pembe ndogo, kabla halijaingia mtaroni. Kwa wanaotoka upande wa pili, kona hiyo hiyo hukunja kulia, na kizuizi kikiwa karibu nao kingewazuia kuona mbele. Hoja mbili zinakubaliana: kikae kando ya bega la wale ambao kona inakunja kushoto kwao.

Mjini, ambako eneo la kati ni jembamba na halina mtaro, ukuta wa zege katikati unatosha, mradi waenda kwa miguu waachiwe mahali pa kuvukia.

Udhaifu wa pendekezo langu ni gari la upande wa pili, ambalo litavuka mtaro na kukigonga kizuizi kwa nyuma likiwa linapanda. Mteremko wa mtaro ukiwa wa mita 1 kwenda chini kwa kila mita 6 za mlalo au mpole zaidi, jambo hilo linavumilika. Ukiwa mkali kuliko hapo, kama inavyotarajiwa kwenye vilima vyetu vya mawe, vinahitajika vizuizi viwili, kila bega na chake, na gharama hiyo iingizwe tangu mchoro wa kwanza.