Dagaa zangu zilionewa

Huku Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwezi wa kwanza ni joto na mvua ya mawe inashuka bila hodi, ndo maana gogo (bibi kwa Kizulu) mwenye nyumba wetu alivyoenda Durban kwa mwanae akaingiza chungu chake cha maua jikoni kwetu dirishani, mawe yasije kuchana majani, akasema sisi tumwagilie tu. Ua lenyewe linaota toka kwenye kitunguu, asili yake hukohuko milima ya Drakensberg, bua lina madoa ya zambarau, vimaua vya kijani vimelizunguka, na juu kabisa kuna kashungi ka majani, ukiliona unasema nanasi hili. Zuri aisee! Nikawa nalipiga picha namtumia mama Tabora.

Basi lilivyochanua jiko likaanza kunuka. Sio kunuka kidogo, ni mzoga. Jamaa ninaekaa nae, mtu wa Tanga, macho moja kwa moja kwenye dagaa zangu za Mwanza nilizoletewa na watu wa basi. "Mwanangu, toa hizo takataka." Nikamwambia dagaa zinanuka kidagaa, hii ni maiti. Hataki. Tukavuta friji tukitafuta panya, tukamwaga dawa kwenye sinki, tukafua mpaka mapazia, nzi ndo kwanza wanaongezeka na wote wanatua kwenye ua, na sisi tunawafukuza wasije kulichafua ua la watu!! Siku moja natoka kazini nakuta mfuko wa dagaa haupo, kampa Mmalawi wa nyumba ya nyuma.

Na harufu ipo palepale.

Gogo karudi, anatukuta tumejifunga vitambaa puani. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Kumbe ua lake, kitaalamu Eucomis bicolor, ndo kazi yake hiyo, linanuka nyama iliyooza kusudi nzi waje wabebe chavua toka ua moja hadi jingine, yani kwa nzi pale ni buchani. Wapo ndugu zake wananukia vizuri tu, ila gogo kapenda hili. Bustanini halina shida, upepo unachukua, ila jikoni kwa vijana wawili...

Nikamgeukia mtu wa Tanga nisikie atasema nini. Anakagua kucha.

Jioni mlango unagongwa, Mmalawi huyo na Kiswahili chake cha Karonga, mfuko wangu kaukunja vizuri mkononi. "Asanteni ndugu zangu, zikiharibika nyingine mniambie."