Ulinzi ukae kwenye usomaji, si kwenye kigeu

Niliwahi kupoteza siku mbili kwa sababu ya kitanzi kimoja, yaani sehemu ya programu inayojirudia. Programu yangu ya lugha ya C kwenye kidhibiti kidogo (kompyuta ndogo inayoendesha kifaa) ilikuwa ikisubiri biti moja ya kifaa ibadilike, na bila uboreshaji ilikwenda vizuri, lakini nilipowasha -O2, chaguo la kuiboresha programu iende kasi, iliganda palepale. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, haikukosea: iliona kwamba hakuna mstari ndani ya kitanzi unaoandika kwenye anwani ya kumbukumbu ya biti ile, basi ikaisoma mara moja, ikabaki na thamani hiyo ndani ya kichakataji na kuzunguka bila kikomo.

Dawa iliyomo katika kiwango cha C tangu 1989 ni neno volatile, linaloiamuru kompaila itekeleze kweli kila usomaji na kila uandishi kama ulivyo kwenye msimbo. Sina ugomvi na kusudi lake, bali na mahali lilipobandikwa. C ililiweka kwenye aina ya kigeu (jina linaloshika thamani kwenye programu), ilhali kinachohitaji ulinzi ni tendo lenyewe, kwa kuwa kigeu kilekile huweza kusomwa mahali pamoja kikiwa chini ya kufuli linalozuia sehemu nyingine za programu zisikiguse, ambapo kompaila ingeachwa ifanye ujanja wake, na mahali pengine kikahitaji usomaji usioguswa. Tena alama hiyo hukaa mbali, kwenye tangazo la kigeu, kwa hiyo anayesoma x++ (ongeza moja kwenye x) haoni kwamba hapo pana usomaji na uandishi, viwili tofauti; C++20, toleo la lugha ya C++ iliyotokana na C, ilifikia hatua ya kutangaza kwamba matumizi hayo hayapendekezwi tena. (Anayetoka lugha ya Java asidanganyike: volatile ya huko hupanga mawasiliano baina ya nyuzi, yaani sehemu za programu zinazokwenda sambamba; ya C haifanyi hivyo.)

Waandishi wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux waliliona hili mapema. Nyaraka zao huwaonya wachangiaji dhidi ya volatile kwenye data, na msimbo wao hutumia READ_ONCE na WRITE_ONCE, zinazolinda usomaji au uandishi mmoja tu, pale hasa panapohitajika. Lugha ya Rust imekwenda mbali zaidi, kwani haina kabisa aina ya volatile, ila funksheni read_volatile na write_volatile zinazopewa kielekezi, yaani anwani ya data. Hata kompaila zenyewe hutatizika: mwaka 2008 watafiti Eide na Regehr walipima kompaila 13 za C, wakakuta kila moja ikikosea mahali fulani kwenye volatile, na sehemu kubwa ya makosa hayo ilikwepeka kwa kuuficha kila usomaji na uandishi huo ndani ya mwito wa funksheni.

Upande wa pili ni nywila inayofutwa kwa memset, funksheni ya C inayojaza kumbukumbu kwa thamani moja, kabla ya funksheni kuisha. Kompaila, ikiona hakuna atakayeisoma tena, huuondoa ufutaji huo na kuiacha siri kwenye kumbukumbu. Hapo kamati ya C haikubuni aina mpya ya kigeu cha siri. Katika C23, toleo jipya la kiwango cha C, iliongeza memset_explicit, inayoitwa kwenye mstari uleule ambako ufutaji unatakiwa.