Daktari wa familia naye ni bingwa, afundishwe pale watu walipo

Kila nikisema nasomea udaktari wa familia naulizwa, sawa, lakini ubingwa utasomea nini? Anauliza shangazi, wanauliza niliofanya nao intaneshipu, hata wagonjwa wananionea huruma. Huku Kenya usiposema moyo, watoto ama upasuaji watu wanakuona bado hujaamua maisha. Na hii ni masters ya miaka minne kama zingine, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kuifundisha 2005, Aga Khan na Kabarak pia wanayo, na ndani yake tunapita wodi ya watoto, wodi ya wazazi (ndio, upasuaji wa kujifungua tunafanya), magonjwa ya akili, kila mahali.

Lakini ugumu wake hauko wodini. Wodini mgonjwa anafika ameshachujwa, kuna mtu ameandika nimonia, kuna mtu ameandika sukari imepanda, wewe unaendelea kutoka hapo. Kwa chumba cha wagonjwa wa nje hakuna aliyekuchujia. Mtu anaingia na daftari lake la shule ambalo ndio faili, anakwambia kichwa kinauma na mwili wote umechoka, na nje kuna foleni mpaka getini. Wengi wao hawana kitu kibaya, mmoja ana homa ya uti wa mgongo, na vipimo ulivyo navyo ni vya malaria na mkojo. Hapo ndio nimejifunza kusema, leo sioni hatari, lakini shingo ikikaza, ukitapika ama ukianza kuchanganyikiwa urudi saa hiyo hiyo usingoje asubuhi, kisha nahakikisha ameelewa na aliyemsindikiza ameelewa. Inaonekana rahisi lakini inafundishwa, na inahitaji mwalimu aliyekaa hapo pembeni akikusikiliza unavyoongea.

Kuna mama mmoja presha yake ilikuwa haishuki. Kila akija anaongezewa dawa, alikuwa amefika ya tatu. Mwalimu wangu akaniambia weka kalamu chini umuulize kwake dawa zinamezwaje. Kumbe mzee wake pia ana presha, pesa ya dawa inatosha mtu mmoja, kwa hivyo wanagawana, leo huyu kesho yule! Hiyo dawa ya tatu ingefanya nini jameni? Tuliwabadilishia wote wawili kwa dawa zinazopatikana hapo kituoni, na yule mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chao akawa anapita kuwapima. Presha ilishuka. Nilijua hivyo kwa sababu nilikuwa bado niko hapo waliporudi, na hilo ndilo linaniuma, manake mara nyingi huwa hatuko.

Kwenye karatasi tuna muda wa zahanati na vituo vya afya, yaani level 2 na level 3. Kwenye ukweli wodi ikipungukiwa na watu, wa kwanza kuitwa ni sisi, unaambiwa ni wiki hii tu, mwezi unaisha bado uko zamu ya usiku, na wale wagonjwa uliowaambia warudi Alhamisi wanamkuta mtu mwingine anayeanza upya. Nawaelewa wanaopanga rota, wodi haiwezi kubaki bila daktari, lakini sasa tunafuzu tukiwa madaktari wazuri wa wodi na kazi tuliyosomea hatujaikalia. England mafunzo ya GP, yaani daktari wa familia wa huko, ni miaka mitatu, na siku hizi karibu miwili yake wanakaa huko kliniki za mtaani. Sisi tuna Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023, tuna wahudumu wa jamii zaidi ya laki moja waliopewa mabegi ya vipimo mwaka huo huo, yaani watu wa kufanya nao kazi huko chini wapo.

Ninachoomba ni mwaka mmoja mzima, usioguswa na rota ya hospitali, kila anayesoma apewe kituo kimoja na familia zake azifuate mwanzo mpaka mwisho, na mwalimu awe anakuja huko. Na mapengo ya wodi yajazwe kwa kuajiri, madaktari waliomaliza intaneshipu wamekaa nyumbani wanangoja kazi, si hao wapo?