Mnara Umefika, Foleni Iko Kichuguuni

Ukitaka kujua kama kijiji cha huku Chamwino au Bahi kina mtandao, usiulize ofisini. Tafuta kichuguu. Ukikikuta juu kimesuguliwa hadi kinang'aa kama kiti cha kinyozi, basi intaneti ipo hapo, na foleni yake inaanza jua likizama.

Tunaambiwa tuvumilie, minara inakuja. Na kweli inakuja. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, kazi yake kuzipa kampuni za simu ruzuku ziende kule ambako biashara hailipi. Makao yake makuu yako hapahapa Dodoma. Mei 2023, Dodoma hiyohiyo, ikasainiwa mikataba ya minara 758 kwa kata 713. Piga hesabu: kata moja mnara mmoja, na chenji kidogo. Sasa kata ya Ugogoni si uwanja wa mpira, jamani! Ina vijiji kadhaa, vilima, makorongo, na mzee aliyejenga nyuma ya mlima makusudi, shemeji zake wasimwone. Mawimbi nayo hayamwoni. Yanapenda njia nyoofu, mlima ukikaa katikati yanaishia hapo. Ndiyo kazi ya kichuguu: unajiongezea mita mbili, unachungulia mnara.

Halafu mnara wenyewe uwe wa nini? Ukiona herufi E juu ya kioo, hiyo ni 2G. Inafaa kwa "haloo" na kutuma hela. Fungua picha ya mjukuu, kiduara kitazunguka mpaka mjukuu aanze shule. Ili upate 4G, ile yenye kasi, vitu vitatu vikubaliane: mnara uwe na mitambo yake, simu iwe ya 4G, na laini pia iwe ya 4G. Hiyo laini ndiyo inayowaponza wengi. Mtu ananunua simu kubwa kwa hela ya zabibu, anachomeka laini ya enzi za kiswaswadu, kisha anailaumu serikali.

Haya, nenda kabadilishe. Wakala anataka namba ya NIDA, tarakimu 20, ukikosea moja unaanza upya. Kisha kidole. Kidole kilicholima uwele miaka arobaini kina alama gani tena? Mashine inakataa. Osha mkono, kausha vizuri, weka gumba, weka cha shahada, hamia mkono wa pili, bonyeza bila kuteleza. Ukishakubaliwa piga *106#, uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Usije ukakuta una ukoo mzima wa laini usioufahamu.

Sasa una kila kitu, vijiti vinne vimejaa, na video haiendi. Vijiti vinapima nguvu ya mawimbi, havipimi foleni. Mnara wa kijijini mara nyingi hauguswi na waya wa Mkongo wa Taifa, ule unaobeba intaneti nchini. Ile sahani nyeupe pale juu ndiyo inayorusha mzigo wa data kwenda mnara mwingine, mpaka ufike penye waya. Saa mbili usiku kijiji kizima kiko kwenye bomba hilo moja. Na kama mnara unakula sola, betri zikichoka, alfajiri nao unalala. Una haki, umeshinda juani.

Bando ndiyo kilio kingine. Unajiunga asubuhi, adhuhuri limekwisha, na hujafungua kitu. Makosa ni ya kundi la familia! Maua ya "asubuhi njema" kutoka kwa mashangazi tisa, na video ya harusi ya Kondoa dakika kumi na moja, vyote vinajipakua vyenyewe. Ingia WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data, upakuaji wa kiotomatiki. Ondoa tiki kwenye picha, sauti, video na nyaraka. Kisha ingia kwenye duka la programu, zima kujisasisha. Shangazi atauliza mbona hukusifia maua. Sema mtandao, ataamini.

Mvua za kwanza zikinyesha ndiyo balaa. Kumbikumbi wanatokea kichuguu hichohicho, usiku huohuo. Huyu kainua simu, yule kakinga ndoo, na kila mmoja anamwambia mwenzake asogee, anamkatia.