Usiniulize kama itafika Mombasa, niulize inalala wapi

Popote nikisimamisha gari, awe ni soja wa geti, awe ni mama mboga, awe ni shemeji tumekutana kwa harusi, swali huwa ni moja: "Na hii yako ya stima, itafika Mombasa?" Mtu mwenyewe Mombasa huenda na treni ya SGR, gari yake haijawahi kupita Mlolongo, hapo tu nje ya Nairobi, tangu ainunue, lakini ya Mombasa lazima aulize. Itafika, na nitaeleza vile inafika na vile inachosha. Ila mimi nikisikia mtu anataka kununua gari ya umeme simwulizi anaenda wapi, namwuliza gari italala wapi. Ukiwa na paking yako na soketi ukutani hayo mengine yote ni madogo, na ukiwa huna, hata upewe gari ya betri kubwa namna gani utahangaika nayo.

Yangu ni Nissan Leaf ya 2018, ile ya betri ya kilowati-saa 40, imetoka Japani ikiwa imetumika kama magari mengi ya hapa Nairobi. Redio bado inaongea Kijapani. Kila asubuhi nikiwasha kuna dada ananiambia kitu kirefu kwa adabu sana na mpaka leo sijui ni nini, watoto wameshazoea kumjibu.

Maisha ya kila siku na hii gari hayana hadithi, na mimi naona hiyo ndio sifa yake kubwa. Jioni unaingia, unachomeka waya, unaenda kula, asubuhi imejaa. Hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, breki hazilikiki haraka kwa sababu ukitoa mguu kwa eksileta mota inageuka jenereta, gari inajipunguza mwendo yenyewe na chaji inarudi kwa betri. Na jam ndio inanifurahisha zaidi. Gari ya petroli kwenye jam ya Waiyaki Way inakunywa mafuta ikiwa imesimama tu, hii ikisimama imesimama, kinachokula chaji ni redio na feni basi. Ndio maana hesabu yake iko kinyume na vile tulizoea, mjini inakula kidogo halafu hawei ndio inakula sana, haswa ukipitisha 100, maana hapo kazi yote ni kusukuma upepo.

Pesa sasa, najua wengi mmekuja kwa hii. Inakula kama uniti 15 kwa kilomita 100 (uniti moja ya stima ni kilowati-saa moja), ongeza kidogo kwa ile inayopotea wakati wa kuchaji. Nyumbani uniti moja, na makato na kodi zote ndani, ni kama bob 30, kwa hivyo sema 500 kwa kilomita 100. Gari ndogo ya petroli kwa hizi jam zetu inakula lita nane kwa safari hiyo hiyo, na petroli ikiwa 180 hivi hapo umefika 1,400 na zaidi. Na mwisho wa 2023 tuliiona ikifika 217 hapa Nairobi, hakuna aliyesahau.

Lakini kuna kitu wauzaji hawakuambii. Kenya Power wanapanga bei ya nyumbani kwa ngazi, ukipitisha uniti 100 kwa mwezi unaingia ile ngazi ya juu, na ukileta gari nyumbani utapitisha, hakuna njia. Kwa hivyo tokeni zitaanza kuisha haraka na kila uniti itakuwa ghali kidogo, hata ile ya friji na ya taa, na kama ni mke ndiye hununua tokeni jiandae kuulizwa. Kuna bei maalum ya magari ya umeme ilianza 2023, shilingi 16 kwa uniti, na saa ambazo matumizi yako chini usiku inashuka hadi 8, kabla ya makato. Tamu sana hiyo, ila ni ya akaunti za kuchajia magari, si ya hii mita yako ya jikoni. Na sababu ya hiyo 8 ni nzuri kuijua: kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, mvuke unatoka ardhini usiku na mchana, na usiku wakati watu wamelala mwingine huachiliwa tu hewani kwa sababu hakuna wa kutumia umeme wake. Gari inayochaji saa nane usiku inakula kitu ambacho kingetupwa.

Haya, turudi kwa kulala. Nairobi watu wengi tunapanga nyumba. Ploti moja niliyowahi kukaa, keateka aliniambia wazi, "Boss, hiyo gari yako itamaliza stima ya ploti," na mwenye nyumba alipopigiwa simu akasema hapana kabla sijamaliza salamu. Mzee ni mzee, sikubishana naye. Lakini tuangalie namba. Ukichaji kwa soketi ya kawaida ya miguu mitatu gari inavuta kilowati mbili na kitu. Shawa ya moto, ile ya kwa kila bafu, inavuta tano au zaidi. Saa kumi na mbili asubuhi ploti nzima iko kwa shawa na transfoma haijalipuka, sasa gari moja usiku wa manane ndio italeta giza?

Na sitaki kumwonea mzee pia, kuna ukweli upande wake. Shawa inawaka dakika kumi, gari inavuta masaa kumi mfululizo, na kama waya wa soketi ni mwembamba au mtu ametumia ile ekstensheni ya kuviringishwa ya bei rahisi itapata moto mpaka iyeyuke. Unahitaji fundi wa stima anayejua kazi, waya mnene kutoka kwa bodi, breka yake peke yake, na waya wa ardhini uliofungwa kweli. Nyumba nyingi zetu hicho cha mwisho ni cha kuchorwa tu kwenye ramani, na kebo ya gari inajua, unachomeka inawasha taa nyekundu inakataa. Halafu weka sub-mita ya tokeni kwa hiyo soketi, na hapa ndipo huwa sielewi kwa nini hili jambo linaonekana gumu. Malandilodi wa Nairobi ndio mabingwa wa sub-mita, kila beseta ina yake na mtu hawezi kuchemsha chai bila tokeni, kwa hivyo soketi ya paking yenye sub-mita ni biashara wanaijua tayari. Anayejenga leo apatimenti za ghorofa kumi na hapitishi hata bomba tupu la waya kwenda basement, huyo ndiye anarudisha magari ya umeme nyuma, si betri. Kaunti ikitaka kusaidia, ianzie pale inapopitisha hizo ramani.

Safari ndefu sasa. Wikendi nyingi ni Naivasha, kilomita 90 hivi, na hiyo ni raha tupu. Unapanda mpaka Limuru, chaji inashuka hadi unaanza kuangalia dashibodi kwa jicho la pembeni, halafu unafika ukingo wa bonde na kushuka mpaka Mai Mahiu gari inajijaza yenyewe, asilimia zinapanda huku unaendesha, na abiria wa mara ya kwanza lazima apige picha. Kurudi ndio deni linalipwa, ule mlima unaupanda nyuma ya lori la mahindi na kila kitu ulichopewa kinachukuliwa na riba.

Mombasa ni hivi. Kwa kipimo cha Kijapani, JC08, gari yangu inaenda kilomita 400 kwa chaji moja, na ndio namba watu huandika kwa matangazo ya kuuza. Wamarekani wa EPA, shirika lao la mazingira, waliipima hiyo hiyo ya kilowati-saa 40 wakapata 243. Amini Wamarekani. Na ikishazeeka kidogo toa asilimia kumi, kumi na tano. Njia ni kama kilomita 480. Kushuka, ukienda na 80 au 90, unasimama mara mbili ukiwa na bahati, na malori yenyewe yatakusaidia kwenda 80 upende usipende. Kurudi ni hadithi nyingine kwa sababu Nairobi iko mita 1,700 na kitu juu ya bahari. Kuinua gari iliyojaa familia na mizigo na nazi za shangazi mpaka huko juu kunakula kama uniti 9 zaidi, hata kama barabara ingekuwa laini na hakuna upepo, hiyo ni zaidi ya moja kwa tano ya betri imeenda kwa kupanda peke yake. Na shida ni kwamba haionekani kama mlima, kutoka Voi mpaka Sultan Hamud unadhani uko tambarare na kumbe unapanda siku nzima.

Halafu joto. Leaf haina maji ya kupoza betri, inapozwa na hewa ya barabarani tu. Ukichaji kwa chaja ya kasi mara ya kwanza ni sawa, dakika 40 mpaka saa moja unakula ugali wako unaondoka. Mara ya pili siku hiyo hiyo, na jua la Mtito Andei linawaka, betri imeshapata moto na gari inapunguza kasi ya kuchaji makusudi ili isijiharibu. Utakaa. Utakunywa soda ya pili na utajuana na wahudumu kwa majina. Magari mapya yenye betri inayopozwa kwa maji hayana hii shida kivile, ila bei yake sasa ni ya watu wengine.

Na tundu. Leaf ya Japani kwa chaji ya kasi inatumia plagi ya Kijapani inayoitwa CHAdeMO, wakati chaja nyingi mpya zinawekwa na CCS2 ya Ulaya au GB/T ya Wachina. Hoteli na petroli stesheni zinazidi kuweka chaja njia ya Mombasa na ya Nakuru, na mimi nafurahi, ila kabla sijatoka napiga simu kwanza, naomba mtu aende aangalie kwa macho kama inawaka na kichwa chake ni kipi. Programu ya simu itakuonyesha alama ya kijani mahali ambapo mashine imefunikwa na gunia. Mahali ambapo hakuna chaja kabisa nakaa na meneja tunaelewana: soketi ya miguu mitatu usiku mzima inanipa uniti 20 na kitu, namlipa 1,000 kwa kitu cha 600, na bado ni rahisi kuliko petroli. Wengi wakishaona hesabu wanakubali, wengine wanaleta mpaka waya.

Watu huniuliza pia stima ikipotea itakuwaje, na wanataja ile ya Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza. Mimi nawajibu na Aprili 2022, foleni za petroli zilipozunguka mitaa na watu walilala kwa magari. Betri ikiwa imejaa mimi nina siku kadhaa za mjini kabla sijatishika, na hizo pampu za mafuta nazo zinahitaji stima.

Kama bado unataka kununua, usinunue rangi, nunua betri. Tafuta kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi na programu ya LeafSpy kwa simu, soma afya ya betri kwa asilimia. Ile mistari 12 ya afya ya betri kwa dashibodi kuna watu wanajua kuirudisha kwa kompyuta ikaonekana mpya, kwa hivyo usidanganyike nayo peke yake. Na usichukue ile ya kilowati-saa 24 ya zamani hata ikiwa bei ya kutupa, hiyo ikiwa mpya kabisa EPA walipata kilomita 117, sai imechoka, itakufikisha Thika na wasiwasi ndio utakurudisha.

Na kuna watu huwa nawaambia wazi wasinunue. Wewe wa kupaki barabarani nje ya ploti na soja wa kulipa fifty, bado. Wewe wa kupeleka bidhaa Mombasa kila wiki, chukua haibridi, ile ya petroli na betri pamoja, na hakuna aibu. Wewe wa nyumba ya paking na soketi, kazi Westlands au Upper Hill, ushago Murang'a au Machakos, umekaa unaungua 20,000 za petroli kila mwezi ukisubiri chaja zijengwe mpaka Mombasa, wewe ndiye sikuelewi kabisa.